Waya wa Kurudi

Wahenga walisema kwamba figa moja haliinjiki chungu. Methali hii tumezoea kuisikia katika hotuba za umoja na ushirikiano, hata tukasahau kwamba asili yake ni jikoni, na kwamba aliyeitamka mara ya kwanza yumkini alikuwa na chungu mkononi na watoto wenye njaa mbele yake. Jiko la gesi la siku hizi, pamoja na vioo vyake na chuma chake king'aacho, nalo lina mafiga matatu, ingawa hayaonekani kwa macho: gesi, hewa na cheche. Likikosekana moja, mawili yaliyobaki hayana la kufanya. Habari inayosimuliwa hapa ni ya figa la tatu, yaani cheche, na ya jiko moja la Lushoto lililokaa miezi minne likiwa na mtungi uliojaa pembeni, lakini bila moto.

Aliyewahi kupanda gari Mombo, akaliacha joto la bonde na mashamba ya mkonge, akapita Soni penye maporomoko ya maji, akafika juu baada ya kilomita zipatazo 33 za kona na miteremko, anaijua Lushoto bila ya kusifiwa. Mji huo, ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, uko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Juni na Julai ukungu hushuka hadi vizingitini, na watu hutembea wamejifunika mablanketi. Baridi hiyo huwafurahisha wageni, lakini kimo cha mahali kina gharama yake jikoni. Maji ya Lushoto huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, badala ya 100 za pwani, kwa hiyo maharage hudai muda mrefu zaidi, na muda mrefu zaidi ni kuni nyingi zaidi.

Kuni nazo zina mahali zinakotoka. Juu ya mji umesimama msitu wa Magamba, uliohifadhiwa kwa mujibu wa sheria, na mashamba ya mboga yamepanda miteremko mpaka karibu na kingo zake. Kila mzigo wa kuni unaoshuka kichwani mwa mwanamke una hesabu mbili: hesabu ya mti, na hesabu ya kifua kitakachovuta moshi wake. Hesabu hii ya pili si ndogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 peke yake, moshi wa ndani ya nyumba uliwaua watu milioni 3.2 duniani, na wengi wa walio karibu na moshi huo ni wanawake na watoto walio mgongoni mwao.

Mwenye jiko letu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mjane aliyekwisha kuvuka miaka 70, ambaye mtaa mzima unamwita Mwalimu, hata wazee wenzake. Binti yake wa pekee anafanya kazi Maskati. Siku moja, katika mazungumzo ya simu, binti alimsikia mama yake akikohoa, akakata maneno, akakohoa tena. Hakusema kitu. Baada ya miezi michache lilifika jiko la pleti nne lenye oveni chini yake, limesafiri kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa lori hadi mlimani. Halikuhitaji kubadilishwa chochote, kwa kuwa umeme wa Omani na wa Tanzania hautofautiani sana, volti 240 kule na 230 huku, na plagi ni ile ile ya miguu mitatu bapa. Mtungi wa kilo 15 ulinunuliwa mjini. Kwa majuma kadhaa Mwalimu alipika bila ya kufuta machozi.

Mkesha wa Idi alibonyeza kitufe chenye alama ya cheche. Siku zote kitufe hicho kilijibu kwa mlio wa haraka, ta-ta-ta, kama mtu anayegonga mlango kwa ukucha. Siku hiyo hakikujibu. Alijaribu pleti ya pili, ya tatu na ya nne, zote kimya. Kiberiti hakukigusa. Amewahi kusikia habari za nyumba zilizolipuka, na binti yake alimwusia asisogeze kiberiti penye gesi. Basi alirejea jiko la uani, akapanga mafiga yake ya zamani, na chakula cha Idi kikaiva kwa kuni. Jiko jipya likatandikwa kitambaa cha kufuma, juu yake ikawekwa redio.

Fundi wa kwanza aliletwa kutoka mjini. Alilivuta jiko kutoka ukutani, akafungua kifuniko cha nyuma, akagusa kwa testa skrubu inayopokea waya. Taa ndogo iliyomo katika mpini wa testa ikawaka. "Mwalimu, umeme unafika," akasema. "Kilichokufa ni moduli." Bei aliyoitaja ilikaribia pensheni ya mwezi mzima, na kifaa chenyewe kilikuwa cha kuagizwa Dar es Salaam, ambako pengine kisingepatikana. Alipewa nauli yake, akaenda zake.

Hukumu ya fundi yule haikuwa ya kipuuzi. Moduli ni kisanduku cha plastiki kisichozidi sana ukubwa wa kiberiti, kilichofichwa tumboni mwa jiko. Kitufe kinapobonyezwa, umeme huingia kisandukuni, ukajaza kapasita, kisha ukamwagwa kwa ghafla katika transfoma ndogo inayozinua zile volti 230 zikawa zaidi ya 10,000. Nguvu hiyo hupita katika waya mpaka kwenye kidole cha kauri kilicho kando ya kila pleti, na kwa kuwa haina pa kwenda ila hewani, huruka upenyo wa milimita chache hadi kwenye chuma cha pleti. Huko kuruka ndiko cheche. Kisha kapasita hujazwa upya, ikamwagwa upya, na ndiyo sababu ya ule mlio wa ta-ta-ta. Kisanduku kama hicho chaweza kufa kwa unyevu, kwa mafuta ya kukaangia, au kwa uzee.

Lakini kila maradhi yana dalili zake. Pleti moja ikikosa cheche na nyingine zikawa nazo, mtu hutazama kidole cha pleti ile: kimevunjika, kimeloa, au kimefunikwa na uji uliofurika. Mlio ukiendelea hata baada ya kitufe kuachwa, mara nyingi unyevu umeingia ndani ya swichi. Na pleti zote zikiwa kimya, bila hata mlio mmoja, swali la kwanza haliwi kama moduli imekufa. Swali la kwanza ni kama imelishwa. Aliyelala njaa asiweze kunyanyuka si maiti, na kumchimbia kaburi kabla ya kumpa uji ni haraka isiyo na heri.

Swali hilo lilikuja kuulizwa na kijana wa nyumba ya pili, anayetengeneza redio na simu karibu na soko. Alikuwa amekuja kumwamkia tu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu ndani, baridi hiyo."

Aliiona redio juu ya kitambaa, akaliona jiko chini ya kitambaa, akauliza. Alipokwisha kuelezwa hakutoa bisibisi mfukoni. Aliuliza tena: "Bibi, taa ya ndani ya oveni inawaka?" Mwalimu hakuwa amefikiri kuitazama. Walipoibonyeza swichi yake, haikuwaka. Kijana akatikisa kichwa polepole, kwani jibu lile lilikuwa limemwondolea nusu ya kazi. Taa ya oveni haipiti katika moduli. Ikiwa taa na moduli zimezima kwa pamoja, basi njaa haikuanzia kwenye moduli, imeanzia juu zaidi, mahali ambapo vyote viwili vinalishwa.

Akaanza kupanda kuelekea kwenye chanzo, hatua kwa hatua. Uniti za LUKU zilikuwapo, kwa kuwa taa za nyumba zilikuwa zikiwaka. Alichomoa plagi ya jiko, akachomeka chaja ya simu katika soketi ile ile, na simu ikaanza kujaa. Basi soketi ilikuwa nzima. Fyuzi iliyo ndani ya plagi nayo ilikuwa nzima, kwani bila ya fyuzi hiyo testa ya yule fundi isingewaka. Hapo akauliza swali lake la tatu: "Bibi, siku lilipozima, kulifanyika kazi gani hapa jikoni?"

"Hakuna kazi, mjukuu wangu. Ilikuwa mkesha wa Idi. Tulilisogeza kidogo, tupige deki nyuma yake."

Alifunga mtungi, akafungua dirisha, akavaa viatu vyake vilivyokuwa mlangoni, na kuhakikisha sakafu ni kavu. Nyuma ya jiko, chini ya kifuniko, zinaingia nyaya tatu: wa kahawia unaoleta umeme, wa buluu unaourudisha, na wa kijani wenye mistari ya njano unaokwenda ardhini kwa usalama wa mtu. Kwa mkono wa mtu aliyekwisha kuizoea kazi hiyo, alirudisha plagi na kupima kwa mita. Kati ya skrubu ya kahawia na ya ardhi mita ilisoma volti 230. Kati ya kahawia na buluu ilisoma sifuri. Akachomoa plagi tena, akainamia, akauona: waya wa buluu ulikuwa umetoka kwenye skrubu yake, umesimama kando kwa umbali usiozidi unene wa ukucha. Skrubu haikukazwa barabara tangu mwanzo. Waya ulikuwa umeshikizwa kwa kuegemea tu, ukavumilia bahari, ukavumilia lori na kona za Soni, na siku jiko liliposogezwa ili pafagiliwe, ukaachia.

Aliikata ncha iliyochakaa, akamenya waya upya, akaurudisha mahali pake na kuikaza skrubu, kisha akauvuta kwa nguvu kuhakikisha. Kazi yote haikuchukua robo saa. Mwalimu alipobonyeza kitufe, jiko likagonga mlango: ta-ta-ta. Moduli iliyokwisha kutangazwa tanzia haikuwa na ugonjwa wowote.

Hapa inafaa kuitendea haki testa, maana haikusema uongo. Testa ile huwaka kwa umeme mdogo sana unaopita katika mwili wa anayeishika na kuishia ardhini. Inachokijua ni kimoja tu, kwamba umeme umefika. Kama una njia ya kurudi, haiulizwi wala haijui. Na umeme wa majumbani mwetu tabia yake ni kwenda na kurudi: hukamilisha safari hiyo mara 50 katika kila sekunde. Uondolewe waya wa kurudi, na wa kwenda utabaki umebeba nguvu yake yote, wa hatari kwa anayeugusa, lakini hauwezi kuwasha hata taa ya oveni. Kufika si kazi. Kazi ni mzunguko uliotimia.

Wasomaji wa visiwani hawahitaji kufundishwa jambo hili kwa kirefu. Tangu mwaka 1980 Unguja imekuwa ikipokea umeme wa bara kwa njia ya waya uliopita chini ya bahari, na wengi wanaikumbuka Mei ya 2008, giza lilipodumu karibu mwezi mzima, kisha ile miezi mitatu kutoka Desemba 2009 hadi Machi 2010. Mitambo ya bara ilikuwa inazunguka kama kawaida, na majumba ya Unguja yalikuwa na nyaya zake na taa zake. Kilichokatika kilikuwa kiungo. Katika mwaka huo huo wa 2010 Pemba nayo iliunganishwa na Tanga, ambao ndio mkoa wa Lushoto, kwa waya wa baharini. Na chini ya milima ya Usambara unapita mto Pangani, unaopokea maji ya mlima huo kwa mito ya Mkomazi na Luengera, nao umezalisha umeme kwa mtambo wa Hale tangu 1964 na wa Maporomoko ya Pangani uliokamilika 1995. Mti uliosimama Usambara na taa inayowaka kisiwani ni majirani, japo hawajaonana. Msitu hutunza kijito, kijito huongeza mto, mto huzungusha mtambo, na umeme ukipanda mlimani kuwasha jiko, msitu hupumzishwa na shoka. Huo nao ni mzunguko, na una skrubu zake zinazoweza kulegea.

Watu wa mlima na wa pwani wamekuwa na njia zao za kwenda na kurudi tangu kabla ya nyaya. Abdallah bin Hemedi, mtu wa pwani, aliishi na watawala wa Usambara, akaandika kwa Kiswahili tarikhi yao, Habari za Wakilindi, ambayo ilianza kupigwa chapa Magila mwaka 1895. Mlima ulitoa habari, pwani ikatoa kalamu, na kitabu kikawarudia wote wawili. Nakala ya Mwalimu imekwisha jalada, lakini imo kabatini.

Tanzania sasa imeamua kulitazama jiko kama jambo la taifa. Mei 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wenye shabaha kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Ni shabaha njema, na kifua cha Mwalimu ni shahidi wake. Lakini kwa miezi minne, mhesabu yeyote angeingia katika nyumba ile angeona jiko, angeona mtungi, akaandika kwamba hapa wanapikia gesi. Angekuwa amepima kama yule fundi wa kwanza: kifaa kimefika. Kwamba kuna moshi uani, hilo lingetaka mtu akae, aulize swali la pili na la tatu, na asubiri ajibiwe. Majiko mengi yatapanda milima katika miaka hii. Yatakayobaki yakiwaka ni yale ambayo pamoja nayo ilipandishwa njia ya habari kurudi chini, na fundi wa karibu anayejua kusoma mzunguko.

Kijana yule alimwachia Mwalimu somo moja zaidi, ambalo mtu yeyote mwenye jiko la namna hii afadhali alijue. Umeme ukikatika, pleti za juu zaweza kuwashwa kwa kiberiti, mradi harufu ya gesi isiwepo: kiberiti kwanza, kisogezwe kwenye pleti, ndipo gesi ifunguliwe kidogo kidogo. Asifungue gesi kwanza ndipo atafute kiberiti. Oveni iachwe mpaka umeme urudi. Na harufu ikisikika, hakuna kiberiti wala swichi ya taa itakayoguswa. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na kujikusanya, basi mtungi ufungwe, milango ifunguliwe, watu watoke. Mwalimu alimrudia maneno hayo moja baada ya jingine, kama alivyowazoesha wanafunzi wake kwa zaidi ya miaka 30.

Alipotaka kumlipa, kijana alikataa. Akasema, huku akirudisha kifuniko cha nyuma, kwamba dada wa Maskati lazima amehangaika sana kipindi chote hicho.

Mwalimu hakujibu. Katika miezi ile minne, kila Ijumaa jioni simu ilikuwa ikilia, na kila Ijumaa binti alikuwa akiuliza, "Mama, jiko linaendeleaje?" Na kila Ijumaa mama alikuwa akijibu, "Linaendelea vizuri, mwanangu, Mungu akubariki." Hakusema hivyo kwa hila. Aliona ni aibu kumwambia mtoto aliyejinyima ugenini kwamba zawadi yake imekuwa meza ya redio. Basi fedha zilifika, salamu zilifika, dua za binti zilifika, wala hakuna kati ya hayo kilichopata waya wa kurudi. Binti alikuwa ugenini akiamini kwamba kikohozi anachokisikia ni cha uzee, kwa maana moshi ulikwisha kuondoka.

Ijumaa iliyofuata swali liliulizwa kama kawaida. Mwalimu alivuta kiti, akaketi karibu na jiko, akaeleza yote tangu mkesha wa Idi: deki, fundi, testa, kuni, kitambaa, waya wa buluu. Upande wa pili palikuwa kimya kwa muda, kimya cha mtu ambaye mama yake amekuwa akimficha.

"Na kifua, Mama?" hatimaye binti aliuliza.

"Kifua kinauma," akasema Mwalimu. "Usiku zaidi."

Jumatatu yake alikwenda hospitali.